Nimepunguza chumvi kwa ajili ya presha ya mume wangu, sasa hakuna anayetaka kula nilichopika

Anti shikamoo,

Naomba usinitaje jina wala mtaa, andika tu niko Dar. Nina miaka 36, ndoa yangu huu ni mwaka wa kumi na moja, watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume sita. Mume wangu ana 45, ni msimamizi wa mizigo kwenye godauni moja, yani kutwa yuko kwenye kiti au kwenye gari. Mimi kwetu Dodoma, Bahi huko ndani, yeye mtu wa Tanga, Pangani.

Mwaka jana mwezi wa 11 akaanza kulalamika kichwa, nikamlazimisha tukaenda kupima, ikasoma 168 kwa 104, wakasubiri kidogo wakarudia ikaja vilevile. Akapewa dawa za kumeza kila siku. Nesi akaniita pembeni akaniambia mama, jikoni ndo kwako, punguza chumvi, punguza mafuta, nazi isiwe kila siku, mboga za majani ziwe nyingi na mle dona. Akaniandikia kwenye karatasi na hiyo karatasi mpaka leo nimeibandika kwenye friji.

Anti nilitoka pale natetemeka. Baba yangu alianguka kwa presha 2009 akapooza upande mmoja, nikamlisha uji kwa kijiko miaka miwili mpaka alipofariki. Basi nilivyofika tu nyumbani nikachukua chumvi yote nikampa jirani, vile vidonge vya kutia mchuzi ladha nikatupa, dumu la mafuta nikamwachia dada wa kazi aende nalo kwao, nikaenda sokoni nikanunua kiroba cha dona kilo 25. Kuanzia siku ile nikaanza kupika kama nesi alivyosema. Mchicha wa kuchemsha, dagaa wa kuchemsha na nyanya, maharage bila nazi, ugali wa dona. Chumvi hamna kabisa.

Mume wangu hakugomba, ni mtu mpole sana. Alikuwa anakula tonge mbili tatu anasema leo nimeshiba. Watoto wakaanza kusumbua, ugali mchungu, mboga haina kitu, mkubwa anakula mkate asubuhi mchana na jioni. Mimi nikajipa moyo watazoea. Mwezi wa kwanza siku moja naomba simu ya baba watoto nimpigie dada yangu nikaona ujumbe wa malipo, elfu nne, elfu tano, elfu nne, karibu kila siku kwa mama ntilie mmoja karibu na kazini kwake, na siku nyingine jioni kwa wa chipsi. Sikusema kitu. Nililala naangalia dari.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja kutibiwa macho akakaa mpaka leo. Mama ni mtu wa jiko, hawezi kukaa bure. Wiki ya kwanza tu akaagiza mbuzi ya kukunia, nazi zikaanza kuingia, wali wa nazi, papa wa nazi, mbaazi za nazi, na Anti nisiwe mnafiki, kile chakula kinanukia mpaka kwa majirani. Mume wangu akaanza kurudi saa kumi na mbili, yeye ambaye alikuwa anarudi saa tatu. Anakaa mkekani na mama yake na watoto wanacheka, anakwangua na ukoko. Mimi nakula jikoni nimesimama, na ninachokula ni kile nilichopika mimi maana hakuna mwingine anayekigusa. Tunapika vyungu viwili, mtungi wa gesi wa kilo 15 uliokuwa unaenda miezi miwili sasa hivi mwezi mmoja unalalamika.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kaka yangu alikuja kutoka nyumbani akaniletea unga wa uwele na mlenda mkavu uliotwangwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikaupika jioni ile kama mama alivyokuwa anapika, maji, magadi kidogo, nikaupekecha, nyanya na karanga za kutwanga, baba yangu alikuwa anaupenda hivohivo akila anafumba macho. Nikasonga ugali wa uwele, nikaweka mkekani. Mama mkwe akaangalia akasema mbele ya watoto, "Hiki kwetu walikula watu mwaka wa njaa." Akasogeza sahani. Mume wangu akanyamaza. Kesho yake mwanangu wa kiume ananiuliza mama leo unapika chakula cha njaa tena? Anti nililia chooni nimefungua bomba nisisikike.

Mwezi uliopita tulienda kliniki presha ikasoma 158 kwa 98. Bado iko juu. Sasa nashindwa. Nikimwachia mama jiko, mume wangu akianguka watasema mke alikuwa wapi, na mimi mwenyewe nitajisema. Nikishika msimamo wangu nazidi kuwa mgeni ndani ya nyumba yangu. Shoga yangu ananiambia mwambie mume achague, mama arudi Pangani au mimi niondoke jikoni kabisa. Sitaki kufika huko. Lakini kupika siku hizi nakuchukia, kitu nilichokuwa nakipenda tangu nina miaka nane. Nishike msimamo au niachie? Nisaidie Anti.

Mama wawili, Dar


Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi nikiwa nachambua matembele, na kuna mahali nimesimama, nitakuambia.

Kwanza nirudie nilivyokuelewa ili kama nimekosea unirekebishe. Mumeo kapatikana na presha, wewe ukabeba lile karatasi la nesi kama amri, ukabadilisha jiko lote siku moja. Nyumba ikakataa kimyakimya, mume akala nje, watoto wakala mkate, halafu akaja mama yake na nazi, ghafla kukawa na kicheko na watu mkekani, ila wewe haupo mkekani, uko jikoni umesimama. Na juu ya hapo chakula cha kwenu kikatukanwa mbele ya wanao na mumeo hakusema neno. Umeniuliza ushike msimamo au uachie. Mimi naona humo ndani kuna maswali kama matatu yamefungwa kamba moja, la presha, la mama mkwe, na la wewe mwenyewe, na ukiyajibu yote kwa jibu moja utaumia.

Sasa pale niliposimama. Umeandika mistari miwili tu kuhusu baba yako, ukapita haraka, ukaenda kwenye dumu la mafuta. Mwanangu, msichana wa miaka ishirini hivi aliyemlisha baba yake uji kwa kijiko miaka miwili, akisikia 168 kwa 104 kwa mumewe hatulii kupunguza chumvi, atatupa chumvi yote. Nakuelewa kabisa. Ila nakuuliza, mumeo anajua kwamba ndo hicho kinachopika? Najua anajua baba yako alifariki, lakini je ulishawahi kumkalisha ukamwambia, mimi nikikuona unatia chumvi mezani namwona baba kitandani? Inawezekana yeye alichokiona ni mke aliyebadilika ghafla akawa mkali na sahani, na yeye akiwa mtu mpole akaona bora ale nje kuliko kukukatisha tamaa. Sisemi kafanya vizuri kuficha. Nasema tu kule kuficha kunaweza kuwa aibu zaidi kuliko dharau.

Halafu turudi kwenye lile karatasi maana naona mmeachana nalo njiani. Wewe mwenyewe umeandika nesi alisema punguza. Kupunguza siyo kuacha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote, ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye kachumbari, vyote. Kwaiyo iko nafasi ya kula kitu chenye ladha. Ulipoondoa chumvi ya sufuria yako ukabaki na mboga isiyolika, yeye akaenda kuitafuta kwa wa chipsi, na kule hakuna anayempimia. Inawezekana kabisa mumeo alikula chumvi nyingi zaidi ile miezi uliyopika bila chumvi kuliko zamani, na siyo kosa la nia yako.

Na kuna kitu hujaniambia, dawa. Umeandika alipewa za kumeza kila siku, basi, hazijatajwa tena mpaka mwisho. Anazimeza? Kila siku au siku kichwa kikiuma? Watu wengi wakijisikia vizuri wanaacha, na presha haina tabia ya kujitangaza, unaweza kutembea nayo 158 unacheka. Ile namba ya mwezi uliopita inaweza kuwa ya nazi, inaweza kuwa ya chipsi, inaweza kuwa ya vidonge vilivyoachwa kwenye droo ya gari, na wewe jikoni unajibebesha yote. Muulize kwa upole, bila kupekua mifuko. Na yeyote asimwambie kwamba mboga zitachukua nafasi ya dawa, hilo aliamue daktari wake.

Naomba pia nikuguse sehemu ambayo unaweza usiipende. Magadi. Na mimi mlenda nimeufahamu ukubwani nikaupenda, najua bila magadi hauvutiki vile. Lakini magadi yana sodiamu, ileile inayowasumbua watu wa presha kwenye chumvi, kwaiyo maharage ya magadi na mlenda wa magadi kwa mumeo vinahesabika. Sikuambii uache, weka kiduchu sana au jaribu bila, majani yenyewe yana utelezi wake. Nakuambia hili kwa sababu kwenye barua yako kuna chakula cha afya ambacho ni chako na chakula cha kuua ambacho ni cha mama mkwe, na mambo hayajagawanyika hivyo. Papa ni wa chumvi kweli, anataka kulowekwa usiku kucha na maji yamwagwe asubuhi, hata mara mbili, na bado asiwe chakula cha kila siku. Tui zito kila siku kwa mtu wa presha ni mafuta mengi. Ila mbaazi zenyewe ni chakula kizuri sana, kosa lake nini mbaazi.

Na ule ugali mchungu wa watoto. Mwanangu, ulinunua kiroba cha kilo 25 mwezi wa 11. Unga wa dona unasagwa na kiini chake na kiini kina mafuta, ukikaa wiki nyingi kwenye joto la Dar unaanza kuwa mchungu na harufu yake inabadilika. Inawezekana wanao hawakudeka, walikuwa wanasema kweli. Wanaokula dona toka zamani wanasagisha kidogokidogo, debe kwa debe, mahindi yaliyochambuliwa yasiwe na ukungu. Sagisha kilo tano tu uone kama watalalamika vilevile.

Kuhusu mama mkwe. Lile neno la mwaka wa njaa lilikuwa baya, na kulisema mbele ya wajukuu ni baya zaidi, sitalipaka sukari. Una haki ya kuumia. Lakini naomba tumwangalie na yeye. Mama kaja kutibiwa macho, kamkuta mwanaye kapungua, anakula tonge tatu anasema ameshiba, na hakuna aliyemweleza kitu. Kuna mtu alimwambia mwanaye ana presha ya 168? Barua yako haisemi. Kama hajui, basi yeye anachofanya ni kumnenepesha mwanaye kwa kitu pekee anachokijua vizuri, na wewe kwake ni mke anayemnyima mwanaye chakula. Kama anajua na bado anafanya, hapo mazungumzo ni mengine. Nataka ulijue hilo kwanza kabla hujaamua lolote kuhusu Pangani.

Kuna kitu kingine, na hapa labda ninakuwa na matumaini kuliko wewe. Watu wa pwani wana chakula chepesi kizuri ajabu, ni vile wageni tunawajua kwa nazi tu. Muulize mama chukuchuku. Samaki mbichi, maji, nyanya, ndimu, pilipili, kitunguu, hakuna nazi hakuna mafuta, chumvi kidogo inatosha maana ndimu inafanya kazi. Muulize na bada la muhogo, na mboga walizokuwa wanakula utotoni siku ambazo nazi haikuwepo. Mtu mzima ukimwambia chakula chako kinaua atakunja uso mpaka kesho. Ukimwambia mama, daktari kasema nazi isiwe kila siku, nifundishe samaki wa chukuchuku anavyopikwa kwenu, unaweza kukuta anatafuta ndimu mwenyewe. Hata wali, mwombe apikie tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, kasimile, lile zito la kwanza, ikae kwa siku za sikukuu. Siahidi kitu, anaweza kukataa, wazee wengine ni wagumu. Lakini bado hujajaribu njia hiyo, na ya vyungu viwili umeshajaribu ukaona.

Hivyo vyungu viwili, nikueleze ninavyoviona. Faida yake ni amani ya juujuu, kila mtu ana sahani yake. Hasara umeshazitaja, gesi, na wewe kula peke yako. Nyingine hujaitaja, watoto wanajifunza kuna chakula cha watu na kuna chakula cha adhabu, na mboga za majani ndo ziko kwenye adhabu. Mwanao wa miaka sita hajakutukana, karudia alichosikia. Ila akiendelea kusikia kitakaa.

Kuachia jiko kabisa, je? Utapumzika, na pengine unahitaji kupumzika kweli, hata wiki mbili. Hatari ni kwamba mama siku moja atarudi kwao, presha itabaki, na wewe utakuwa hujapata njia yoyote ya kupika ambayo mumeo anaipenda. Na ule woga wa baba yako hauwezi kuachia jiko, utakuwa umekaa sebuleni unahesabu nazi.

Kushika msimamo na kumwambia mume achague, kama shoga yako anavyosema. Shoga yako anakupenda na anaona unavyoumia. Lakini mumeo akibanwa kati ya mama anayetibiwa macho na wewe, hata akikuchagua wewe atakula chakula chako na kinyongo, na chakula cha kinyongo hakishuki. Ila kama mama akiendelea kukudhalilisha mbele ya watoto, hapo mumeo inabidi aongee na mama yake, hiyo kazi ni yake siyo yako. Mwambie wazi, mkiwa wawili, siyo mezani, kwamba siku ile ya mlenda kilichokuuma zaidi ni kunyamaza kwake.

Njia nyingine, na siipendekezi kama dawa, naiweka tu mezani, ni kurudi nyuma kidogo ili uende mbele. Rudisha chumvi, ndiyo, iwe ndani ya nyumba tena. Anza na nusu ya mliyokuwa mnatia zamani, baada ya wiki tatu nne punguza tena. Ulimi unazoea, unachukua wiki kadhaa, ila unazoea kwa hatua. Chumvi tia mwishoni mboga ikishaiva, utatumia kidogo na itasikika. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine. Na mchicha, naomba sana, usiuchemshe. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia kitunguu saumu, nyanya ziive mpaka zipondeke, tupia mchicha ulioukatakata, geuza dakika tatu nne uwe bado kijani, epua, kamulia ndimu. Mama yangu alikuwa anauweka hivo na bilauri ya maji ya ukwaju pembeni na hatukujua kama hiyo inaitwa chakula cha afya, tulikuwa tunagombania sufuria. Dagaa uwakaange wakavu kwanza bila mafuta wapate harufu, ndo uwatie nyanya, tangawizi na pilipili mbichi. Maharage weka karanga za kutwanga badala ya nazi, hilo wewe mtu wa Dodoma unalijua kuliko mimi. Bamia, nyanya chungu, majani ya maboga, kisamvu, soko lote hilo na wewe umekwama kwenye mchicha wa maji.

Na hicho cha mchana kwa mama ntilie usikifanye kesi. Mwanaume aliye kazini kutwa lazima ale. Mkishaongea, yeye mwenyewe anaweza kuchagua pale pale, ugali maharage na mboga za majani, mchuzi asimwagiwe mwingi, chumvi ya mezani asiongeze. Wengine wanabeba hotipoti, wengine wanaona aibu mbele ya wenzao, muulize yeye ni yupi.

Tarehe ya kurudi kliniki ikifika, nafikiria mngeenda watatu, wewe, yeye na mama, na mama apimwe pia, umri wake na yeye anahitaji. Nesi akisema mbele ya wote hutakuwa wewe tena mwenye kubeba amri nyumbani. Hatari yake, mama anaweza kuona amepelekwa kusemwa, kwaiyo mumeo ndo amwalike, na amwambie ukweli wa ugonjwa wake kabla hamjapanda gari.

Lakini yote haya nimeyaandika kuhusu wao, na wewe je. Barua nzima umeniambia mumeo anapenda nini, watoto wanakataa nini, mama anapika nini, nesi kaandika nini. Sehemu moja tu umeandika chakula kwa furaha, ni ule mlenda, nikaona kabisa baba yako anafumba macho. Kumbe kabla ya uji wa kijiko kulikuwa na mlenda na mtu anayefurahia. Nadhani ndo maana lile neno la mama mkwe lilikuchoma vile, hakujua kasogeza nini. Watoto wako hawajui pia. Waambie habari za babu yao alivyokuwa anakula, mpe wa kike mchi atwange karanga, wa kiume ashike upekecho, usiwalazimishe kula siku hiyo, waache wachezee tu.

Sijui utachagua nini mwanangu, na siwezi kukuchagulia nikiwa huku. Niandikie baada ya hiyo kliniki uniambie mama kasemaje kuhusu chukuchuku na mumeo kasemaje kuhusu dawa. Na kama bado kuna mlenda wa kaka yako, usiumalize kwa kugombania mkekani. Bakisha gao moja, upike siku unayotaka wewe, na karanga zake, uweke kigoda ule umekaa.